Usilifute jina la aliyeishia njiani

Kiangazi cha mwaka 2022 nilikwenda kusaidia parokia moja kaskazini mwa jimbo la Indiana, Marekani, wakati paroko wake yuko likizo. Jioni moja baada ya Misa, muumini mmoja, mzee wa miaka themanini hivi, alinisubiri mlangoni mwa sakristia. "Padri, leo hukai ndani," akaniambia. Tukaenda mji wa South Bend, kwenye uwanja wa besiboli. Duka la jezi la uwanja ule limo ndani ya jengo la zamani lililokuwa sinagogi. Nikamtania mzee kwamba amenitoa kanisani na kunipeleka kwenye sinagogi.

Timu ya South Bend haichezi ligi kuu. Klabu za ligi kuu ya besiboli ni 30, na kila moja ina timu nne za ngazi za chini katika miji mbalimbali, jumla 120. Huko ndiko vijana wanakokomazwa, kama ilivyo kwa timu za vijana za klabu zetu za soka, ila timu hizi zina viwanja vyake na mashabiki wake wa kila jioni. South Bend iko chini ya Chicago Cubs, ngazi ya pili kutoka chini. Anayefanya vizuri hupandishwa. Anayekwama huitwa ofisini kwa kocha na kuambiwa afungashe mizigo. Mwaka ule kijana wa ngazi hiyo alilipwa kama dola 500 kwa wiki, tena kwa miezi ya msimu tu. Mkataba wa 2023 umepandisha mishahara, lakini jambo moja halijabadilika: wengi wa vijana hao hawatafika ligi kuu.

Mashabiki wa chipukizi ni watu wa aina yao. Kila mwaka hutolewa orodha za chipukizi mia moja bora, nao huzisoma kama wazazi wanavyosoma matokeo ya kidato cha nne. Jioni ile simu zote zilimwelekea Pete Crow-Armstrong, kijana wa miaka 20, ambaye leo ni nyota wa Chicago Cubs. Mzee wangu alimpigia makofi vizuri tu. Kisha akatoa daftari mfukoni, akaandika jina la kijana mwingine, ambaye alikuwa amepewa zamu tatu za kupiga mpira na zote tatu akapiga upepo.

"Huyu naye yumo kwenye orodha?" nikauliza.

"Yumo kwenye yangu."

Akanipa daftari nilifunue. Kwa miaka mingi familia za mji zilizoea kuwapokea wachezaji majumbani mwao, kwa kuwa mshahara haukutosha kodi ya nyumba. Yeye na marehemu mkewe waliwapokea wengi. Majina yote yalikuwamo. Machache yalikuwa na nyota pembeni: hao walifika ligi kuu. Mengine yalikuwa na maneno mafupi: mwalimu, watoto wawili, anaezeka mapaa, ameacha pombe. Hakuna jina lililokatwa. Nikamuuliza mbona hajawafuta walioshindwa.

"Padri," akasema, "hao walikula mezani kwangu."

Orodha zile za wataalamu hukosea, na wataalamu wenyewe wanajua. Mwaka 1966 New York Mets, wakiwa wa kwanza nchini kuchagua kijana wamtakaye, walimchukua Steve Chilcott. Hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Mwaka 1988 Mike Piazza alichaguliwa katika mzunguko wa 62, nyuma ya vijana zaidi ya 1,300, tena kwa hisani ya rafiki wa baba yake. Mwaka 2016 aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli.

Hapo sisi wahubiri hukimbilia nyumbani kwa Yese, katika sura ya 16 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Nabii anavutiwa na umbo la mkubwa, Mungu anamwonya kwamba yeye hutazama moyo, na mwishowe anaitwa mdogo aliyekuwa akichunga kondoo. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi. Lakini tukubali, tunampenda Daudi na tunampenda Piazza kwa sababu mwishoni walishinda. Wale kaka saba waliopita mbele ya nabii na kukataliwa, nani anawahubiri? Nao walikuwa watoto wa nyumba ile ile, na Mungu hakuacha kuwa Mungu wao.

Tukiwa njiani kurudi, mzee alinisimulia habari za Grant Desme, chipukizi wa Oakland aliyekuwa mchezaji bora wa ligi ya vuli ya Arizona mwaka 2009. Januari 2010 aliacha besiboli, akaingia abasia ya Wanorbertini huko California ili awe padri. Nikafurahi, kama padri yeyote angefurahi. "Baadaye aliiacha na abasia," mzee akaongeza.

"Kwa hiyo alishindwa?" Swali lilinitoka kabla sijalifikiri. Mzee hakujibu. Aliendelea kuendesha gari.

Swali hilo lilinirudisha nyumbani, kwenye seminari ndogo niliyosoma. Kidato cha kwanza tuliingia 42, tuliopata daraja la upadri ni watano. Picha ya darasa letu ninayo hadi leo, na juu ya kila aliyetoka niliweka alama ya kalamu nyekundu. Miaka ya baadaye nilirudi seminari kuwa mlezi, na katika kikao cha walezi nilipiga kura kijana mmoja wa kidato cha tatu aondolewe. Pengine uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini asubuhi alipobeba sanduku lake kwenda kituo cha basi, nilimwona kupitia dirishani, na sikushuka kumuaga. Kwangu alikuwa ameshaingia kwenye wekundu.

Niliporudi kutoka Marekani nilimtafuta. Ana duka la vipuri vya pikipiki. Kanisani haendi siku nyingi. Akanipa kiti na soda, akasema: "Padri, sikukasirika kwa kuondolewa. Nilikasirika kwa kuwa hakuna aliyeniaga." Sikuwa na la kujitetea. Nikamwomba msamaha. Hajarudi kanisani, wala siku ile sikwenda kumrudisha. Nilikwenda kumuaga, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Sasa tunapigiana simu.

Msomaji wangu, katika Injili ya Marko, Yesu anapotoka majini Yordani, Baba anamwambia kwamba yeye ni Mwanawe mpendwa na kwamba amependezwa naye. Angalia ilikuwa lini. Yesu hakuwa amehubiri hata siku moja, wala hajaponya mgonjwa hata mmoja. Baba hakungoja matokeo. Kama tunataka kuwapenda vijana wetu jinsi Mungu anavyopenda, itabidi upendo huo uwepo kabla matokeo hayajatoka, na ubaki yakishatoka.

Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Katika nyumba zetu tumelifanya hilo kuwa sheria hata kwa watoto wetu. Binti aliyetoka utawani hatajwi tena kwenye sala ya familia. Aliyepata sifuri hapigwi picha siku ya sikukuu. Aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu huingilia mlango wa uani. Hatukuwafukuza, la. Tumewawekea wino mwekundu tu.

Picha ya darasa letu ningali nayo. Wino haufutiki, nimejaribu. Basi nimeanza kuandika pembeni, kwa penseli, habari za kila mmoja ninayempata: huyu ana wajukuu, huyu ni dereva wa lori, huyu tulimzika mwaka jana. Bado kumi na mmoja sijui walipo.

Wewe nawe unaye mmoja. Jina lake limekujia ulipokuwa ukisoma. Mpigie leo, kabla ya chakula cha mchana.