Zanzibar: Pomboo wa Kizimkazi wakosa mapumziko kwa sababu ya mashua za watalii

Asubuhi mapema, mashua za Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa kisiwa cha Unguja, huwa tayari zimeingia baharini. Ndani yake wamekaa watalii wenye miwani ya kuogelea, na nahodha anakagua maji kwa macho. Pezi moja likitokea juu ya mawimbi, mashua zote zilizo karibu hugeukia upande huo, injini zikinguruma.

Anayetafutwa ni pomboo, yule anayeitwa dauphin kwa Kifaransa. Wengi humdhania samaki, lakini yeye hupumua hewa kama binadamu, hubeba mimba karibu mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha. Hawezi kubaki chini ya maji daima. Lazima apande kupumua, na hapo ndipo anapoonekana.

Kizimkazi, kijiji cha nyumbani kwa Rais wa Tanzania Samia Suluhu Hassan, kimewatumia pomboo kwa njia mbili. Zamani wavuvi waliwaua na kufanya nyama yao chambo cha kukamatia papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watalii walianza kuja kuwaangalia, na wakaaji wakaona kwamba pomboo aliyekufa analeta faida mara moja, lakini aliye hai analeta kila siku. Uwindaji ukakoma katika miaka hiyo. Mwaka 1997, Ghuba ya Menai, wanamoishi wanyama hao, ikawekwa kuwa eneo la hifadhi.

Sasa tatizo ni lingine: wanapendwa kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha maisha ya pomboo hao bila mashua na mbele ya mashua za watalii. Bila mashua, walipumzika asilimia 38 ya wakati wao. Mashua zikiwepo, mapumziko yalishuka hadi asilimia 10. Muda wa kutafuta chakula nao ulipungua, na muda wa kusafiri ukapanda kutoka asilimia 33 hadi 77. Yaani sehemu kubwa ya wakati huo walikuwa wanahama tu.

Kwa mama anayenyonyesha, kukimbia hivyo ni hasara kubwa. Anatumia nguvu nyingi, anakula kidogo, na mtoto anakosa nafasi ya kunyonya kwa utulivu. Watafiti waliowahesabu katika eneo hilo walikadiria pomboo wa aina inayoonekana zaidi kuwa chini ya 200. Tena mashua si hatari yao ya pekee: wengine hunaswa katika nyavu za wavuvi na kufa kwa kukosa hewa.

Kanuni za kuwaangalia bila kuwasumbua zinajulikana: kupunguza mwendo, kuwakaribia kutoka ubavuni na si kuwakata njia, kutoingia kati ya mama na mtoto, na mashua chache kwa kundi moja. Lakini nahodha yuko kati ya moto miwili. Mgeni amelipa ili aogelee na pomboo. Nahodha akikaa mbali na mwenzake akisogea, mteja wa kesho ataenda kwa yule mwenzake. Ndiyo maana kanuni inayofuatwa na nahodha mmoja peke yake haidumu.

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wanajua mfano wa karibu. Katika hifadhi ya Virunga, aliyetembelea sokwe wa milimani alipewa saa moja tu, akiwa amevaa barakoa, na walinzi ndio walioamua umbali. Pesa ya mgeni haikununua dakika ya ziada, na wageni walikubali.

Baharini hakuna mlinzi anayesimama kati ya mgeni na mnyama. Kwa hiyo mgeni mwenyewe ana neno la kusema. Akimwambia nahodha kabla ya kuondoka ufukweni kwamba anatosheka kutazama kutoka mbali, nahodha hatakuwa na sababu ya kuwafukuza pomboo.