Kibao cha nganda kikibadilishwa, shamba linasoma nini?



Tangu 2025 watu wanaongea sana juu ya nganda za bazungu: hii imefunga, ile imepakwa rangi na kupewa jina lingine. Wengi wanahesabu kreti za bia. Mimi nimesoma agronomi, basi tuhesabu shamba lililokuwa nyuma ya ile sahani.

Tuanzie Mubambiro, kwenye barabara ya Goma-Sake. Askari wa kigeni walikuwa na kambi hapo: MONUSCO, kisha wale wa SADC, ambao misheni yao ilianza Desemba 2023. Mwisho wa Januari 2025 Sake na Goma ziliingia mikononi mwa AFC/M23. Tarehe 13 Machi wakuu wa SADC wakafunga misheni, na mwisho wa Aprili askari wakaanza kutoka kupitia Rwanda. Goma, benki na uwanja wa ndege vilifungwa, na wageni wengi wa mashirika wakaondoka. Juni 2025 Heineken, mwenye Bralima, akatangaza kwamba hasimamii tena majengo yake ya Goma na Bukavu.

Lakini kambi ya Umoja wa Mataifa kwa kawaida hailishwi na soko la jirani. Chakula cha askari kinaletwa na kampuni kwa mkataba. Pesa ya mgeni ilifika shambani kupitia mfuko wake mwenyewe, jioni ao siku ya mapumziko, kwenye nganda na resto za Goma. Aliagiza firiti, saladi, brosheti, fromaji ya Masisi. Kila kimoja kilikuwa na mulimaji ao mufugaji nyuma yake.

Njo maana jina jipya kwenye kibao si rangi tu. Mteja akibadilika, sahani inabadilika. Anayekuja sasa anaomba mbuzi, makemba, sambaza. Saladi haombi.

Na mazao hayana uvumilivu sawa:

– Maziwa bila baridi yanangoja masaa tu. Fromaji ni njia ya kuyapa muda: karibu litre 10 zinatoa kilo 1, na kilo hiyo inaweza kungoja wiki nyingi.
– Saladi na nyanya iliyoiva zinangoja siku chache.
– Viazi vinangoja miezi kadhaa, kama viko gizani, pakavu, hewa inapita. Vikipata mwanga vinakuwa kijani na havifai kuliwa.
– Maharagwe makavu yanangoja msimu mzima, kama wadudu hawajaingia.

Anayelima vya siku chache kwa mteja mmoja njo anaumia wa kwanza. Mama mmoja ninayemfahamu alikuwa na bustani pembeni ya barabara hii. Alipeleka saladi na puwaro kwa resto tatu, na minervali ya batoto wawili ilitoka humo. Alikimbia vita, akarudi. Akakuta resto mbili zimefunga, ya tatu imebadilisha jina. Saladi yake ilikuwa imepanda maua. Jirani hakuitaka hata bure. Mbuzi njo waliikula. Sasa amepanda maharagwe na shu. Anapata kidogo kuliko zamani, lakini zikibaki, nyumba yake inakula.

Sisemi tusilimie wageni. Bei yao ilikuwa nzuri, na siku moja wanaweza kurudi. Nasema hivi: wenzangu wanaoandika miradi ya mboga na maziwa, kabla ya kununua mbegu jiulizeni swali moja. Huyu mteja akifunga kesho, nani mwingine atakula hii? Kama jibu ni «hakuna», punguza eneo, ongeza zao linalokula nyumbani kwako, na tafuta mahali pa kuhifadhi kabla ya kutafuta soko la pili.

Wenye kulima Sake, Kirotshe na Masisi-centre, tuambieni: ninyi mumebadilisha zao gani, na nani anainunua sasa?