Je, Wajua? Chombo Kilichopaa Bila Mabawa

Mwaka 1958 kampuni ya Piasecki ya Marekani ilirusha chombo kisicho na mabawa, chenye feni mbili kubwa zinazotazama juu, moja mbele na nyingine nyuma, kila moja ndani ya pete nene. Rubani alikaa katikati. Jeshi lilitaka kitu cha kufanya kazi ya gari la Jeep pasipo na barabara, ndiyo maana kikaitwa Airgeep.

Mtu wa Izimbya, mkoani Kagera, ataelewa upesi walichokitafuta. Kwenye vilima vile, vibanja, yaani mashamba ya nyumbani, vimeshikana na migomba imesongamana. Ndege itatua wapi? Helikopta nayo, panga lake lililo wazi likigusa mti tu, ni balaa. Feni iliyozungushiwa pete ina kinga.

Tena pete ile si kinga tu. Feni inapofyonza hewa kutoka juu, hewa hupita kwa kasi kwenye mdomo wa pete uliopindwa kwa nje. Mgandamizo hapo hushuka, na pete yenyewe inasaidia kunyanyua chombo.

Lakini mdomo huohuo ndio unaoleta taabu. Chombo kikianza kwenda mbele, hewa hukimbia zaidi kwenye ukingo wa mbele. Pua inainuka na mwendo unakufa. Jukwaa la mtu mmoja la kampuni ya Hiller, lililoruka mwaka 1955, lilishindwa kufika hata kilomita 30 kwa saa kwa sababu hiyo. Ili kupunguza taabu hiyo, Piasecki wakaukunja mwili wa Airgeep ya pili katikati, ikaruka mwaka 1962. Hata hivyo, jeshi likachagua helikopta za kawaida.

Kuna pia suala la nishati. Bawa hubeba mzigo kwa mwendo wenyewe. Feni isiyo na bawa lazima ibebe uzito wote kila sekunde. Mwaka 2018, ndege isiyo na rubani ya Wingcopter ilipopeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, ilipaa wimawima, kisha ikainamisha rafadha zake na kuyaachia mabawa kazi.

Kuvuka ziwa, basi, nisingetumia chombo cha feni. Ila kumtoa mgonjwa bondeni, katikati ya migomba, mpaka barabarani kilomita chache tu, ningekitaka hichohicho. Waisraeli nao walikirudia: chombo chao cha Cormorant, kilichobuniwa kufika mahali helikopta inaposhindwa, kilipaa bila kufungwa kamba mwishoni mwa 2015.