"Ni hapo tu": Mzee wa hatua akutana na mashine ya leza

IKIWA umewahi kushuka matatu pale Alupe, kwenye barabara ya Busia kuelekea Malaba, na kuuliza njia, bila shaka unalijua jibu utakalopewa. "Ni hapo tu." Mwenye kukujibu atanyosha mdomo upande fulani, nawe utashika njia. Utatembea hadi jasho likulowe mgongoni, umwulize mtu mwingine, naye akwambie vilevile kwamba ni hapo tu.

Hakuna anayekudanganya, msomaji. Binadamu hupima umbali kwa miguu yake, kwa uchovu wake na kwa haraka aliyo nayo. Mwendesha bodaboda ana "hapo" yake, na mama aliyejitwika ndoo ya maji ana yake. Hasara si kubwa. Ukichelewa utaomba radhi. Lakini uko mchezo mmoja ambao kukosea hatua kumi tu kunaweza kukuharibia siku nzima. Mchezo huo ni gofu.

Najua utaniuliza: gofu na Alupe, wapi na wapi? Alupe tunaijua kwa hospitali yake iliyoanza kama kituo cha wagonjwa wa ukoma, kwa watafiti wa KEMRI, na siku hizi kwa chuo kikuu kilichopewa hati mwaka wa 2022. Lakini vuka mpaka pale Malaba uende Tororo, mji ulio chini ya ule mwamba mkubwa ambao siku ya anga safi huonekana ukiwa upande wetu, na utaukuta uwanja wa gofu. Au geuka upande wa pili uende Mumias na Kakamega. Wako wanaume wa huku kwetu ambao hawajawahi kununua fimbo hata moja ya mchezo huo, lakini wamelipa karo kwa kubeba mifuko ya fimbo za wengine.

Mmoja wao ni jirani yetu. Alinisihi jina lake nisiliandike gazetini, kwa hivyo nitamwita Mzee, kama tunavyomwita sote. Alibeba mifuko kwa zaidi ya miaka 20 katika klabu ambayo pia sitaitaja. Mwaka jana alirudi nyumbani. Nilipomwuliza sababu alicheka kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa nauza macho. Sasa macho yanauzwa dukani."

Maana ya maneno hayo niliielewa rafiki yangu mmoja alipokuja likizo kutoka Nairobi akiwa na kifaa kidogo chenye umbo la darubini ya jicho moja. Unakitazamia, unaelekeza alama nyekundu kwenye bendera ya shimo, unabonyeza kitufe, na papo hapo unasoma namba: yadi kadhaa hadi kwenye bendera. Nilimwomba aniazime kwa siku moja, nikaenda nacho barabarani.

Jaribio la mkuyu

Ng'ambo ya kiwanja kilicho karibu na nyumba ya Mzee kuna mkuyu. Nilisimama kando ya njia nikawauliza wapita njia: kutoka hapa hadi kwenye mti ule ni mbali kiasi gani?

Kijana wa bodaboda alijibu bila kufikiri kwamba ni mita 300. Mama muuza omena akasema hazifiki 100, na kama nina kazi naye nimwambie, jua linachoma samaki wake. Mwalimu mmoja alitulia, akahesabu kimoyomoyo, akasema 200. Mvulana aliyekuwa akichunga mbuzi hakutaja mita wala yadi. Alisema manati yake haiwezi kufika, ila ya kaka yake inaweza. Nadhani huyo ndiye aliyelielewa swali kuliko wote.

Ndipo Mzee alipotoka nje. Alisalimia kwa Kiteso, "Yoga," akauegemea mkongojo wake, akakunja jicho moja. "Yadi 142," akasema.

Nikainua mashine na kubonyeza. Ikaandika 171.

Watu wakaangua kicheko, na sitaficha kwamba nami nilicheka. Mzee peke yake hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Umepiga nini?"

Nikatazama tena, safari hii nikiishika mashine kwa mikono miwili. Nyuma ya mkuyu ulikuwapo ukuta wa nyumba, na mkono wangu uliotetemeka ulikuwa umepima ukuta. Nilipoilenga shina la mti barabara, mashine iliandika 144. Mzee alikuwa amekosea kwa yadi mbili. Mimi na kifaa changu cha kisasa tulikuwa tumekosea kwa 27.

Hatua zenye kipimo

Alijifunzaje? Kwanza kwa miguu. Alipokuwa kijana alikwenda katika kiwanja cha soka, kwa kuwa kiwanja cha soka kina vipimo vinavyojulikana duniani kote: kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa eneo la penalti ni yadi 18. Alitembea hapo asubuhi na jioni mpaka hatua zake zikawa 18 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Wewe pia unaweza kujaribu leo jioni katika kiwanja cha shule iliyo karibu nawe. Utashangaa jinsi hatua zako zilivyo fupi.

Baada ya hapo alipima uwanja mzima wa gofu kwa miguu hiyo: kutoka mti huu hadi katikati ya majani yale mafupi yanayozunguka shimo, kutoka mfereji ule hadi shimo la mchanga. Akaandika katika daftari la shule. Huko Marekani wachezaji wakubwa walianza kutumia madaftari ya aina hiyo katika karne iliyopita, na Jack Nicklaus ni mmoja wa waliyoyafanya yapate sifa. Mzee hakuwa amesikia habari za Nicklaus. Alikuwa amechoka tu kutukanwa na tajiri wake kila mpira ulipozama majini.

Maana ndivyo ilivyo. Mchezaji hubeba fimbo zisizozidi 14, na kila moja hupeleka mpira umbali wake. Tofauti kati ya fimbo moja na inayoifuata huwa yadi 10 hivi hadi 15. Ukiambiwa 150 na kumbe ni 135, utachukua fimbo isiyofaa, na hata ukipiga vizuri namna gani mpira utapita. Lawama atazibeba mbeba mfuko, pamoja na mfuko.

Leza na setilaiti

Mashine hizi ni za aina mbili, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni hii ya leza. Hutuma mwanga usioonekana kwa macho, mwanga ukagonga kitu na kurudi, kisha mashine ikahesabu muda uliopita. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hivyo kwenda mita 150 na kurudi huchukua sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kabla hujapepesa jicho, hesabu imekwisha. Ubaya wake umeuona: itapima chochote kilicho mbele yake, iwe bendera, mkalatusi au ng'ombe wa mtu. Klabu nyingine hufunga kioo maalumu kwenye mlingoti wa bendera ili mwanga urudi vizuri.

Ya pili ni ya GPS, ambayo huvaliwa kama saa mkononi au huwa ndani ya simu. Hii haitazami bendera hata kidogo. Husikiliza setilaiti zinazozunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, ikajua wewe umesimama wapi, kisha ikalinganisha na ramani ya uwanja iliyohifadhiwa. Itakwambia umbali hadi mwanzo, katikati na mwisho wa majani ya shimo, hata ukiwa nyuma ya kichaka. Lakini shimo lenyewe huhamishwa mara kwa mara na watunza uwanja, na pengine leo liko hatua 15 nyuma ya pale lilipokuwa jana. Saa yako haina habari.

Tena huduma hiyo haikuwa na manufaa haya tangu mwanzo. Setilaiti hizo ni mali ya serikali ya Marekani, na hadi Mei mwaka wa 2000 ishara waliyopewa raia ilikuwa ikivurugwa makusudi kwa sababu za kijeshi, hata kosa likafika mita 100. Kwa mchezaji wa gofu, hiyo ni sawa na kuambiwa "ni hapo tu". Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukomeshwe, milango ilifunguka, na ndiyo sababu simu yako leo inaweza kukuonyesha ulipo kwa kukosea mita chache tu palipo wazi.

Sheria nazo zilifuata polepole. Tangu mwaka wa 2006 klabu ziliweza kuruhusu vifaa vya kupimia umbali kwa kanuni zao wenyewe. Kuanzia Januari 1, 2019, mambo yaligeuzwa: vinaruhusiwa kila mahali isipokuwa pale waandalizi wa mashindano wanapovikataza. Mwaka wa 2021 vilitumika katika mashindano makubwa ya PGA Championship, ambayo Phil Mickelson alishinda akiwa na umri wa miaka 50.

Kuna mipaka hata hivyo, na tafadhali isome vizuri kama una nia ya kushindana. Unaruhusiwa kupima umbali na kujua mwelekeo. Huruhusiwi kutumia kifaa kupima mwinuko wa ardhi wala kasi ya upepo, wala kukiacha kikuchagulie fimbo kwa kutazama mahali mpira ulipo. Mashine nyingi za leza zina kitufe cha mwinuko, kizime. Ukikosa mara ya kwanza katika mchezo wa kuhesabu mapigo utaongezewa mapigo mawili, na mara ya pili unaondolewa mashindanoni.

Namba isiyosema yote

Nilimsomea Mzee sheria hizo, akatikisa kichwa kwa furaha. "Kumbe mwinuko na upepo bado ni vyangu," akasema.

Akanieleza. Shimo likiwa juu ya kilima, ongeza yadi moja kwa kila futi tatu za kupanda. Nyasi zikiwa na umande, mpira hautabingirika. Upepo wa alasiri si ule wa asubuhi, na huutambui kwa kutazama bendera peke yake. Tazama vilele vya miti. Tena mpira ukipigwa Nairobi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, huenda mbali kuliko ukipigwa Mombasa, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Sisi wa Alupe na Tororo, kwenye mita 1,200 hivi, tuko katikati. Mgeni kutoka pwani akija na namba zake kichwani, atauvusha mpira hadi kwenye miti na kuilaumu fimbo.

Kuna na mambo ya kila uwanja. Klabu ya Jinja inasifika kwa kanuni yake ya kumruhusu mchezaji auokote mpira uliotumbukia katika alama ya mguu wa kiboko. Ni setilaiti gani itakayokwambia hivyo?

Basi kwa nini Mzee alirudi nyumbani? Hapa ndipo nilipoona uchungu wake. Si kwamba klabu ziliwafukuza wabeba mifuko. Mchezaji bado anahitaji mtu wa kumbebea. Lakini zamani, kulikuwa na malipo ya mgongo na kulikuwa na bahashishi ya macho, na hiyo ya pili ndiyo iliyonunua vitabu vya shule. Mchezaji mwenye mashine hulipa mgongo tu. Na kama ni mgongo, mbona asichukue kijana? Mzee alianza kukaa chini ya mti tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane bila kuitwa.

Mimi sikubaliani na wale wanaosema mashine hizi zipigwe marufuku. Mchezaji anayeanza, asiye na uwezo wa kumlipa mtu mzoefu, hunufaika sana, na simu yenye programu ya bure yamtosha. Mashine ya leza ya bei ya chini itakutoa pesa za ndama. Ya bei ya juu, pesa za ng'ombe wa maziwa. Fikiri mara mbili. Lakini nimejiuliza kwa nini klabu hazinunui chache na kuwapa wabeba mifuko wenyewe. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianzia kwenye kubeba mifuko. Mtu anayejua upepo, akipewa na namba, si anakuwa bora zaidi ya mashine na zaidi ya alivyokuwa?

Nilimwuliza Mzee swali hilo. Hakunijibu. Alinyosha mkono akaomba mashine aishike kidogo.

Nilidhani anataka kuujaribu mkuyu. Badala yake alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama kwenye kona ya shamba lake, akalenga mstari wa makonge ambao yeye na binamu yake wamekuwa wakiuzozania tangu baba zao wafariki. Alibonyeza mara tatu, akihakikisha kila mara amepiga nini. Nilimwonya kwamba mpaka wa shamba hupimwa na mpima ardhi aliyesajiliwa, na hakuna mzee wa kijiji wala mahakama itakayokubali mashine ya gofu. Akaitikia kwamba anajua.

Kisha akachukua kalamu yangu, akaiandika namba ile kiganjani, akaanza kutembea kuelekea kwenye makonge, hatua kwa hatua, akihesabu kwa sauti.