Kidonda cha Mguu wa Simbilisi: Namna ya Kukiuguza Nyumbani

Ng'ombe akichechemea, mwenye boma humwona asubuhi ile ile, maana ng'ombe ni mali, na mali hutazamwa. Lakini mnyama mdogo afugwaye na watoto nyuma ya jiko aweza kuumwa mguu juma zima pasipo mtu kujua. Mnyama tumkusudiaye hapa ni simbilisi, yule mdogo asiye na mkia, mwenye masikio mafupi na sauti kama mluzi, ambaye wengi humwita kwa jina lake la Kiingereza. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako watu wa Peru na nchi jirani wamemfuga tangu kale kwa ajili ya nyama.

Simbilisi ni kiumbe aliyezoea kuwindwa, na kwa hiyo huficha maumivu yake. Akiumwa mguu hujikunyata pembeni, huacha kukimbilia majani, au huinua mguu mmoja asimamapo. Basi yafaa kila juma ashikwe na kutazamwa nyayo zote nne. Miguu ya mbele ina vidole vinne kila mmoja, na ya nyuma vitatu. Mtoto ajuaye kuhesabu aweza kuifanya kazi hii vizuri, mradi akae chini sakafuni, kwa kuwa simbilisi akianguka kutoka mikononi huweza kuvunjika mifupa.

Kidonda hutoka wapi?

Mara nyingi kidonda hutoka katika nyumba yake mwenyewe. Sakafu ya wavu wa waya hukata nyayo, na saruji yenye mikwaruzo huzichubua. Nyasi zilizolowa mkojo hulainisha ngozi, na vijidudu vya maradhi hupata mlango wa kuingia. Kucha zilizorefuka mno hupinda na kumfanya akanyage vibaya, na mnyama aliyenenepa kupita kiasi huzilemea nyayo zake. Kwanza unyayo huwa mwekundu. Kisha huvimba na kufanya gamba. Mwisho hutunga usaha, na ukiachwa vivyo hivyo ubaya hufika mfupani.

Iko sababu nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni njaa ya vitamini C. Sungura hujitengenezea vitamini hii mwilini mwake, lakini simbilisi hawezi, kama vile sisi wanadamu tusivyoweza. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakaona wanapatwa na kiseyeye, ugonjwa uliowaua mabaharia wengi zamani. Mnyama mwenye upungufu huo hutoka damu upesi, viungo humuuma, na kidonda chake hakifungi hata kikioshwa kila siku. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mguu hupitia kinywani, nayo ni majani mabichi.

Namna ya kuosha

Chemsha maji nusu lita, utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Nawa mikono kwa sabuni. Mtu mmoja amfunike mnyama kwa kitambaa safi na kumshika kwa upole, mkono mmoja kifuani na wa pili chini ya makalio, mwenzake aoshe. Tumbukiza mguu katika maji hayo kwa dakika chache hata uchafu ulainike, kisha pangusa kwa kitambaa safi. Usibandue gamba kwa nguvu, wala usikamue jipu. Kausha vizuri. Ukiwa na dawa ya iodini iuzwayo dukani kwa vidonda, ichanganye na maji mpaka iwe na rangi ya chai hafifu isiyo na maziwa, ndipo upake kidogo. Fanya hivi mara mbili kwa siku.

Ikiwa ukucha umekatika na unatoka damu, bana mahali hapo kwa kitambaa safi muda wa dakika tano. Unga mkavu kidogo ukipakwa penye ncha husaidia damu kuganda.

Usimwagie spiriti, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala dawa ya kusafishia choo. Hizo huunguza nyama changa, na mnyama huzilamba na kudhurika. Usifunge mguu kwa kitambaa kilichokazwa, maana hukata njia ya damu.

Baada ya kuosha, mweke penye nyasi kavu na laini, uzibadilishe kila siku mpaka apone. Mpe sukuma wiki mbichi, pilipili hoho na kipande cha pera. Ahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kila siku kwa kila kilo ya uzito wake. Chakula cha sungura kinunuliwacho dukani hakitoshi, kwa kuwa hakikutengenezwa kwa haja hiyo.

Jihadhari na penisilini

Jambo hili lataka kuangaliwa kuliko yote. Nyumba nyingi zina vidonge vilivyobaki baada ya mgonjwa kupata nafuu, na mzazi mwenye huruma aweza kudhani kwamba dawa iliyomponya mtoto itamponya na mnyama wake. Sivyo. Penisilini na amoksilini huua vijidudu vyema vilivyomo tumboni mwa simbilisi, ambavyo humsaidia kusaga chakula. Vibaya huzidi mahali pao na kutoa sumu, na mnyama hufa kwa kuhara katika siku chache. Wataalamu waliandika habari ya madhara haya tangu mwaka 1943. Tena, Howard Florey na wenzake wa Oxford walipoijaribu penisilini mwezi wa Mei 1940, waliwatumia panya wadogo, na panya wakapona. Kama wangaliwachagua simbilisi, huenda wangaliidhania dawa hiyo kuwa sumu. Vidonge vya watu vya kutuliza maumivu navyo visitolewe ila kwa amri ya mganga wa wanyama, ajuaye kipimo na dawa zimfaazo.

Mpeleke kwa mganga huyo bila kukawia ikiwa mguu umevimba na una joto, unatoka usaha, kidole kimekuwa cheusi, au kidonda hakionyeshi nafuu baada ya siku mbili au tatu. Na akikataa kula tangu asubuhi hata jioni, usingoje kesho, kwa sababu tumbo la simbilisi likikaa tupu husimama kazi, naye hufa hata kama kidonda chenyewe ni kidogo.

Wazazi wengine watasema kwamba mnyama huyu ni mchezo wa watoto tu. Lakini mtoto aliyefunzwa kuchemsha maji, kunawa mikono na kutotoa dawa asiyoijua, amefunzwa mambo yatakayomfaa atakapokuwa na ng'ombe wake, na zaidi atakapokuwa na watoto wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni atazamwe nyayo, na nyasi zilizolowa zitolewe.