Kuunda Meli na Ndege Ndogo kwa Kipimo

Wenzetu wengi huuliza kwa nini sisi wanafunzi wachache wa Kidato cha Nne, kila Jumamosi baada ya usafi, twaingia katika karakana ya useremala tukiwa na visu, msasa na gundi. Wengine husema huu ni mchezo wa watoto, sawa na magari ya waya tuliyoyasukuma vijijini. Hata baba yangu aliandika barua kutoka Mbeya akiuliza kama katika mtihani wa Novemba nitaulizwa habari za meli za mbao. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze katika gazeti letu kazi hii ni nini, yafanywaje, na ina faida gani.

Kwanza, gari la waya hufanana na gari tu, hakuna alipimaye. Lakini katika kielelezo cha kipimo, kila sehemu ya chombo hupunguzwa kwa kiasi kile kile. Kiasi hicho ndicho skeli, ile ile tuionayo chini ya ramani. Huko Ulaya waundaji wengi wa ndege ndogo hutumia 1:72, maana kwa kipimo hicho mtu mwenye urefu wa futi sita huwa na inchi moja kamili. Nao huweza kununua vipande vilivyo tayari: kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa meli ya plastiki iitwayo Golden Hind. Sisi hatuna vipande vilivyo tayari, tena rula zetu ni za sentimeta, basi tumechagua 1:100. Mita moja ya chombo ni sentimeta moja ya kielelezo.

Tuchukue ndege aina ya Q400. Air Tanzania ilizipokea mbili za kwanza Septemba 2016, na sisi wa Mbeya tumeziona zikitua Songwe. Urefu wake ni mita 32.8, na kutoka ncha ya bawa moja hata ncha ya pili ni mita 28.4. Basi kielelezo chetu ni sentimeta 32.8 kwa 28.4. Kiwiliwili twakichonga kwa mti wa paina, ambao hapa Iringa hatuukosi kwa sababu ya msitu wa Sao Hill, Mufindi. Maseremala hutupa mabaki bure. Sharti mti uwe mkavu, kwani mti mbichi hupasuka baada ya kupakwa rangi. Mbawa ni vibanzi vya mianzi vilivyofunikwa karatasi ngumu, nazo hukaa juu ya kiwiliwili, si chini. Rafadha ni mbili, kila moja ina mapanga sita. Hizo twazikata katika bati la kopo, nazo zina upana wa sentimeta nne.

Meli ni kazi kubwa zaidi. Sisi tuliichagua Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo yenyewe ililetwa nchini vipande vipande. Iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku kiasi cha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Huko iliunganishwa tena, ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10, basi yetu ni sentimeta 71 kwa 10.

Kazi huanza kwa michoro mitatu juu ya karatasi ya miraba: chombo kionekanavyo kwa juu, kwa ubavu na kwa mbele. Kisha huwekwa mkuku, halafu mataruma ya karatasi ngumu, mapana katikati na membamba kuelekea omo na tezi. Juu yake hugandishwa vibanzi, kimoja kimoja, upande huu na upande huu, maana ukimaliza upande mmoja kwanza meli hupinda. Mwisho ni msasa na rangi ya mafuta mara tatu, ili maji yasiingie.

Sasa nifike kwenye swali la baba. Mtu aweza kudhani kwamba meli iliyopunguzwa mara 100 itakuwa na uzito uliopunguzwa mara 100. Sivyo. Urefu, upana na kimo vyote vimepunguzwa, basi uzito hugawanywa kwa 100 mara tatu, yaani kwa milioni moja. Meli ya tani 1,500 inakuwa kilo moja na nusu. Hiyo ni hesabu ya darasani, lakini niliielewa vizuri siku tulipoitia meli yetu katika karai la maji.

Tena karai lilitufundisha jambo la pili. Tulipoweka mawe chini, ndani ya meli, ilitikisika ikarudi wima. Tulipoyahamisha mawe yale yale juu ya sitaha, ikayumba. Jiwe moja liliposogezwa ubavuni, ikapinduka mara moja. Uzito haukuongezeka, ila ulipanda juu. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 200. Vyote viwili vilikuwa vimebeba kupita kiasi. Aliyeona meli ya karatasi ikilala ubavu kwa jiwe moja hatapanda kwa ubishi chombo kilichokwisha kujaa, wala hatakimbilia upande mmoja pamoja na umati. Wengi wetu nyumbani ni Kyela, nao husafiri katika Ziwa Nyasa. Elimu hii si ya mtihani tu.

Sisi tutaondoka mwisho wa mwaka. Liemba bado haina milingoti wala mashua zake, na twapenda wadogo zetu wa Kidato cha Pili waimalize. Hawahitaji fedha, ila subira na kisu kikali. Wazazi wenye mabaki ya mbao kavu au masalio ya rangi wanaombwa wayalete siku ya kutembelea shule. Baba ameahidi kopo moja la rangi nyeupe.