Mabaki ya kale: ulinzi wa kwanza ni macho ya wakaaji

Mfupa wa Ishango, wenye urefu wa sentimita 10 hivi na mistari iliyochongwa kwa mpangilio, unahifadhiwa Brussels, Ubelgiji. Lakini udongo uliouficha kwa maelfu ya miaka ungali huku Congo, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Édouard, eneo la Beni, Kivu Kaskazini. Kwa watafiti, udongo huo una thamani kama mfupa wenyewe.

Mbelgiji Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950. Umri aliokadiria wakati ule ulikuwa mdogo. Katika miaka ya 1980, watafiti, akiwemo Mmarekani Alison Brooks, walirudi Ishango na kupima upya: mfupa una miaka karibu 20 000, pengine zaidi. Waliweza kusahihisha hesabu kwa sababu tabaka za udongo zilikuwa bado mahali pake. Kama mtu angekuwa amezichimbua akitafuta mali, hakuna maabara ambayo ingezirudisha.

Hofu hiyo ndiyo iliyozaa kazi ya kujitolea katika jimbo la Arizona, Marekani. Huko, vijiji vya kale vya mababu wa Wahopi na makabila mengine vimechimbwa kwa miaka mingi na wezi wanaouza vyungu. Sheria ya mwaka 1979 inaadhibu wizi huo katika ardhi ya serikali kuu na ya makabila asili. Lakini jangwa ni kubwa, walinzi ni wachache.

Tangu miaka ya 1980, wakaaji wa kawaida, wengi wao wastaafu, wanapewa mafunzo, kisha kila mmoja anakabidhiwa mahali pa kutembelea mara kwa mara. Hawalipwi mshahara. Kazi yao ni kutazama: je, kuna shimo jipya? Alama za magari? Ukuta umebomoka? Wanapiga picha, wanaandika tarehe na kupeleka ripoti kwa wenye mamlaka. Hawachimbi, hawaokoti kitu. Wakikuta wezi, hawagombani nao; wanaondoka na kutoa taarifa. Tena hawatangazi mahali penyewe, maana kutangaza ni kumwonyesha mwizi njia.

Je, inawezekana mashariki mwa Congo? Ishango iko ndani ya hifadhi ya Virunga, na ulinzi wa hifadhi ni kazi ya ICCN. Katika maeneo yenye silaha, raia hawezi kuombwa azunguke porini na simu. Lakini mabaki ya kale hayako ndani ya hifadhi peke yake. Huko Sanga, kwenye ziwa Kisale, Haut-Lomami, watafiti walikuta makaburi ya kale yenye vyungu, vyuma na misalaba midogo ya shaba. Vitu kama hivyo vinaweza kutokea popote: shambani, kwenye shimo la mchanga, la matofali au la dhahabu, au pale barabara inapokatwa.

Hapo ndipo mkaaji anaweza kufanya kazi ya mlinzi bila kuhatarisha maisha. Akikuta kipande cha chungu cha kale, mfupa uliochongwa au jiwe lililokatwa na mkono wa mtu, asimamishe jembe. Akiache kitu mahali pake, asikioshe. Apige picha, aweke kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Kisha amjulishe chifu, mwalimu wa historia au chuo kikuu kilicho karibu, ili habari ifike kwenye Taasisi ya Majumba ya Makumbusho ya Kitaifa. Asiweke picha na jina la mahali kwenye Facebook.

Chungu kinachouzwa kwa dola chache kinalisha nyumba siku moja. Kikiachwa udongoni, kinaweza kueleza nani aliishi hapo, alikula nini na alifanya biashara na nani. Kikishang'olewa bila mtu kuandika mahali kilipokuwa, majibu hayo yanapotea, hata chungu chenyewe kikirudishwa kesho.